Mkulima Aliyelala Usingizi: Somo kwa Walioanza Njia Mpya



Mwaka juzi, mwezi wa tatu, baada ya Sala ya Mwisho, frateri mmoja wa mwaka wa maandalizi alinisubiri nje ya kikanisa. Alikuja kwetu akiwa na umri wa miaka 27, mwalimu wa fizikia na hisabati, mwenye ajira, na mdogo wake alikuwa anasoma chuo kwa mshahara huo. Aliuacha ili aje kuanza upya kama mtoto wa bweni: kengele ya saa kumi na moja alfajiri, zamu ya kufagia bwalo, jembe la mchana, kuomba ruhusa ili kwenda mjini kununua wembe. Akaniambia, “Padre, nina miezi saba hapa. Nikikaa kusali nasinzia. Hasira yangu ni ileile niliyokuja nayo. Na nyumbani mdogo wangu amerudishwa kwa ajili ya ada. Ningekuwa naona kitu kinakua ndani yangu, ningevumilia. Sioni kitu. Naomba niondoke.”

Nilimjibu haraka. Nilimkumbusha kwamba mbegu haionekani ikiwa ardhini, nikamshika bega, nikamwambia akapumzike. Akasema, “Asante, Padre,” kwa sauti ile ambayo kila mlezi anaijua, sauti ya mtu ambaye hakusaidiwa ila ana adabu. Nilipofika chumbani nilitambua kwamba nilimpa mfano wa Bwana kama mtu anavyompa mtoto pipi ili anyamaze.

Makala haya ni jibu ambalo nilipaswa kumpa usiku ule. Nimeyaandika kwa ajili ya mafrateri wa mwaka wa kwanza, lakini nadhani yatamfaa pia mnovisi, mwalimu wa dini aliyepewa darasa jana, wanandoa wa mwaka wa kwanza, na yule baba ambaye ana wiki ya tatu bila pombe na bado mikono inatetemeka.

Mfano wenyewe

Fungua Injili ya Marko 4:26-29. Ni aya nne tu. Mathayo hana mfano huu, Luka hana, Yohane hana. Ni Marko peke yake aliyetuhifadhia, na Kanisa linausoma Dominika ya 11 ya Mwaka B pamoja na mfano wa punje ya haradali. Kwa kuwa haradali ni maarufu zaidi, wahubiri wengi (nami nimo) huupita huu wa kwanza mbiombio ili wafike kwenye matawi na ndege.

Tuusome polepole. Mkulima anafanya nini? Anamwaga mbegu, kisha analala na kuamka, usiku na mchana. Mwishoni anapeleka mundu. Basi. Marko hasemi kwamba alipalilia wala kwamba alifukuza ndege, ingawa kila aliyeshika jembe anajua kazi hizo zipo. Yesu ameziacha ili macho yetu yatue mahali pamoja: kati ya kupanda na kuvuna kuna kipindi ambacho kazi iliyo kubwa haimo mikononi mwa mkulima. Tena Injili inasema wazi kwamba mkulima mwenyewe hajui mambo hayo yanatokeaje. Mtu mwenye shamba lake, aliyepanda kwa mkono wake, hana habari ya kinachoendelea humo ndani. Yesu hamlaumu kwa kutojua huko.

Angalia pia mpangilio: usiku unatajwa kabla ya mchana. Kwa Wayahudi siku huanza jua linapozama, kama wazee wa pwani wanavyosema “usiku wa Ijumaa” wakimaanisha ule wa kuamkia Ijumaa. Kwa hiyo siku ya mkulima huyu inaanza na usingizi. Anapoamka na kunawa uso, mbegu imekwisha kufanya zamu ya usiku.

Halafu kuna neno moja la Kigiriki ambalo nawaomba mafrateri wanaosoma Kigiriki walitafute katika vitabu vyao. Marko anasema ardhi huzaa *automate*, yaani yenyewe, bila kusukumwa. Katika Agano Jipya lote neno hili linapatikana mahali pamoja pengine tu: Matendo ya Mitume 12:10, pale mlango wa chuma unapomfungukia Petro anayetolewa gerezani. Na katika Septuaginta, tafsiri ya Kigiriki ya Agano la Kale, limetumika katika Walawi 25 kwa mazao yanayoota yenyewe katika mwaka wa sabato, mwaka ambao Mwisraeli hakuruhusiwa kupanda. Katika mahali hapa patatu tunakutana na mtu ambaye mikono yake imesimama. Petro ni mfungwa, mkulima wa sabato ameweka jembe chini, mkulima wa Marko yuko kitandani. Na Petro naye, ukisoma aya ya 6, malaika alimkuta amelala fofofo.

Je, basi, mfano huu unafundisha uvivu? Hapana. Asiyepanda havuni, na mkulima huyu alipanda. Tena mazao yalipoiva hakuchelewa hata siku moja. Aliyajua, akachukua mundu. Kuna ujuzi hapo. Aya ya 28 inataja hatua: kwanza jani, kisha suke, kisha ngano iliyojaa katika suke. Mtu asiyezijua hatua hizo angefika shambani wiki ya pili, akaona majani tu, akadhani ni nyasi, akang'oa. Nadhani ndilo jambo ambalo frateri wangu alikaribia kulifanya. Mwezi wa saba alikuwa anatafuta punje.

Kanisa lenyewe halimtazamii punje wakati huo. Mwongozo wa malezi ya mapadre uliotolewa Roma mwezi Desemba 2016 umeweka hatua ya maandalizi isiyopungua mwaka mmoja wala kuzidi miwili, kabla hata ya kufungua kitabu cha falsafa, nao unataka kijana aangaliwe jinsi anavyokomaa, isiwe mitihani peke yake. Mwaka mzima wa jani.

Mtu wa miaka 33 katika darasa la watoto

Kwa maisha ya mtu aliyepita njia hii, simjui mwalimu bora kuliko Mtakatifu Inyasi wa Loyola. Tumezoea kumwona katika picha mbili: askari kitandani anasoma maisha ya watakatifu, na mwanzilishi wa Shirika la Yesu aliyeketi Roma. Mguu wake ulivunjwa na risasi ya mzinga huko Pamplona tarehe 20 Mei 1521. Papa Paulo wa Tatu aliliidhinisha Shirika tarehe 27 Septemba 1540. Kati ya picha hizo mbili kuna miaka 19, na sehemu kubwa ya miaka hiyo Inyasi alikuwa mwanafunzi wa kawaida, tena si mwepesi.

Mwaka 1523 alifika Yerusalemu akiwa na nia ya kubaki huko maisha yake yote. Wakubwa wa Wafransisko waliotunza mahali patakatifu walimkatalia, wakamrudisha. Mpango aliouona kuwa wa Mungu ukawa umekufa. Akarudi Ulaya akijiuliza afanye nini, akaamua kusoma ili aweze kuwasaidia watu. Ndipo mwaka 1524, huko Barcelona, mtu wa miaka 33 aliyezoea upanga na ikulu akaanza sarufi ya Kilatini pamoja na wavulana wadogo.

Sikiliza kilichompata, maana ndicho kiini cha somo letu. Kila alipoanza kukariri minyambuliko ya vitenzi, alijawa na mwanga wa kiroho na utamu wa sala hata asiweze kushika neno. Mwanzoni alifurahi. Nani asingefurahi? Kisha akapeleleza. Akaona kwamba utamu ule haukumjia hivyo wakati wa sala wala wakati wa Misa. Ulimjia hasa pale alipotakiwa kukariri. Akatambua kwamba ni kishawishi kilichovaa kanzu. Akamwomba mwalimu wake waende kanisa la Santa Maria del Mar, wakaketi, akamweleza yote, akamwahidi kwamba hatakosa kipindi chake kwa miaka miwili, ili mradi apate mkate na maji katika mji ule. Tangu hapo kishawishi kile kikamwacha.

Ndugu frateri, fikiria hilo unapokuwa na daftari la Kilatini mbele yako saa nane mchana, tumbo limejaa ugali, na moyo unakuambia ungefaa zaidi ukiwa kikanisani. Kuna wakati hisia ya kukua ndiyo inayozuia kukua. Inyasi alikua zaidi kwa kukariri vitenzi bila kuhisi chochote kuliko kwa machozi matamu ya saa ile.

Lakini kinachonigusa mimi kuliko fadhila zake ni kosa lililofuata. Mwaka 1526 alikwenda Alcalá, na huko akaharakisha. Alisoma mantiki, fizikia na teolojia kwa pamoja, huku akifundisha watu katekisimu na kuwapa mazoezi ya kiroho. Akashukiwa, akafungwa gerezani siku 42. Kisha Salamanca akafungwa tena siku 22. Alipofika Paris mwaka 1528 aligundua kwamba hakuwa na msingi: amepita juu ya masomo mengi bila moja kuzama. Akafanya nini? Akaingia Chuo cha Montaigu akaanza tena Kilatini pamoja na wavulana. Kwa mara ya pili. Sasa alikuwa na takribani miaka 37, na maandishi ya Mazoezi ya Kiroho yalikuwa tayari mfukoni mwake.

Sijui kama tunaelewa aibu ya jambo hilo. Mtu anayewaongoza wengine kwa Mungu anarudi dawati la nyuma kuimba *rosa, rosae*. Na ni kutoka Paris hiyo, kwa sababu ya kuanza upya huko, ndipo alipokuja kupangiwa chumba kimoja na Petro Faber na Fransisko Ksaveri katika Chuo cha Sainte-Barbe. Ksaveri hakumpenda mwanzoni. Alichukua miaka kumwelewa. Tarehe 15 Agosti 1534 walikuwa saba pale Montmartre, wakaweka nadhiri. Inyasi alipata upadre mwaka 1537, na Misa yake ya kwanza akaiadhimisha Krismasi ya mwaka 1538. Alikuwa na miaka 47.

Mzizi uliopinda

Babu yangu alikuwa na kahawa kihambani. Mche wa kahawa hukaa kitaluni miezi mingi, kisha huhamishiwa shimoni, na mavuno ya kwanza ya maana huja kama mwaka wa tatu. Hiyo kila mtu kule anaijua. Kitu ambacho babu alikuwa mkali nacho ni shimo. Ukichimba shimo fupi kwa uvivu, ukausukumiza mche ndani, mzizi mkuu hupinda kama ndoana. Mwaka wa kwanza huoni tofauti. Mche uliopinda mzizi na ulionyooka vyote vina majani ya kijani yanayong'aa. Hata jirani atakusifia. Ni pale kiangazi kikali kinapokuja, au mti unapobeba mzigo wake wa kwanza wa matunda, ndipo ule wenye mzizi uliopinda hugeuka njano na kudumaa. Na wakati huo hakuna dawa. Unang'oa.

Nimewaona mapadre na watawa, na walei wenye vyeo parokiani, ambao mzizi wao ulipinda mapema kwa sababu walitaka majani haraka. Nami mwenyewe kiangazi changu cha kwanza parokiani kilinionyesha mizizi yangu miwili au mitatu ambayo haikuwa imenyooka. Sitaieleza hapa, baba yangu wa kiroho anaijua. Nasema tu kwamba miezi isiyoonyesha kitu juu ya ardhi si lazima iwe miezi iliyopotea. Mara nyingi ndiyo miezi ambayo mzizi unaamua utaelekea wapi.

Kanisa lililokua bila padre

Mfano mwingine uko karibu zaidi nasi, kando ya ziwa letu. Padre Simeoni Lourdel na Bruda Amansi wa Shirika la Wamisionari wa Afrika walifika Buganda mwezi Februari 1879. Wabatizwa wa kwanza walipatikana mwaka 1880. Mwezi Novemba 1882 mambo katika ikulu ya Kabaka Mutesa yalikuwa ya hatari kiasi kwamba wamisionari wote waliondoka, wakavuka ziwa, wakahamia Bukumbi, upande wa Mwanza. Waliacha nyuma yao wakristo wachache, wachanga kabisa. Hapakuwa na padre wala Misa wala kitubio. Hesabu ya kibinadamu ingesema misheni ile imekwisha.

Waliporudi mwezi Julai 1885, walikuta waamini na wakatekumeni wameongezeka. Yosefu Mukasa Balikuddembe alikuwa anawafundisha vijana ndani ya ikulu yenyewe. Mathias Kalemba alikuwa na jumuiya Mityana. Andrea Kaggwa alikuwa akifundisha nyumbani kwake. Hakuna aliyekuwa Bukumbi aliyeyaona hayo yakitendeka. Kwa karibu miaka mitatu mapadre wale walilala na kuamka, usiku na mchana, ng'ambo ya maji.

Na ilikuwa imebaki miezi minne tu. Tarehe 15 Novemba 1885 Yosefu Mukasa aliuawa. Juni 3 mwaka uliofuata moto uliwashwa Namugongo. Imani iliyosimama mbele ya moto ule ilikomazwa kwa sehemu kubwa katika miaka ambayo hapakuwa na wa kuiandikia ripoti.

Tukiendelea na hesabu: mapadre wa kwanza wa Uganda, Basili Lumu na Viktoro Mukasa, walipadrishwa tarehe 29 Juni 1913, miaka 34 baada ya Lourdel kufika. Yosefu Kiwanuka aliwekwa wakfu kuwa askofu mwaka 1939, miaka 60. Lourdel mwenyewe alifariki mwaka 1890. Hakuona hata mmoja wao altareni.

Lakini je, ni kukua au ni kuoza?

Hapa ndipo jibu langu la usiku ule lilipokosea zaidi. Nilimwambia frateri kwamba kimya ni kukua. Si kweli kila mara. Mbegu nyingine iko kimya kwa sababu imeoza. Mtu anaweza kukaa miaka kumi katika nyumba ya malezi, au katika kazi, au katika uchumba, akijiambia “polepole ndio mwendo,” kumbe amelala usingizi usio wa mkulima. Methali hiyo ina maana kwa anayetembea.

Mtakatifu Yohane wa Msalaba aliiona hatari hii, akatoa alama tatu za kutofautisha ukavu unaotoka kwa Mungu na ukavu wa uvuguvugu au wa ugonjwa. Ziko katika kitabu chake juu ya usiku wa giza, sehemu ya kwanza, sura ya 9. Nazieleza kwa maneno yangu.

Alama ya kwanza: mtu haonji utamu katika mambo ya Mungu, lakini vilevile haonji utamu katika mambo mengine. Aliye vuguvugu sala humchosha lakini simu haimchoshi. Alama ya pili, ambayo kwangu ndiyo nzito kuliko zote: mtu huyo ana uchungu wa moyo, ana wasiwasi kwamba hamtumikii Mungu, kwamba anarudi nyuma. Aliye vuguvugu hana wasiwasi huo. Alama ya tatu: hawezi tena kutafakari kwa picha na mawazo kama zamani, hata akijitahidi.

Sasa mweke frateri wangu mbele ya alama ya pili. Mtu aliyesimama nje ya kikanisa saa tatu na nusu usiku, karibu na machozi, kwa sababu haoni anakua katika Mungu, si mtu aliyeoza. Wasiwasi wake wenyewe ulikuwa dalili. Nilipaswa kumwambia hivyo. Kuhusu kusinzia ningemwambia kwamba Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu alikiri kuwa alisinzia katika sala kwa miaka, na leo ni Mwalimu wa Kanisa; kisha ningemuuliza analala saa ngapi, maana jambo lingine ni la kitanda tu.

Pili, ningempa kanuni ya Inyasi: katika ukiwa wa moyo usibadili uamuzi uliouchukua ulipokuwa na amani. Watu huisikia kanuni hii kana kwamba inasema “usiondoke kamwe.” Haisemi hivyo. Inasema usiamue gizani. Subiri mwanga urudi, ndipo utazame tena, na pengine ukitazama kwenye mwanga utaona kweli ni wakati wa kuondoka. Kukaa kwa woga na kuondoka kwa hasira ni maamuzi ya usiku yote mawili.

Na tatu, ningemuuliza habari za mdogo wake. Nililipita hilo kabisa, nikaenda moja kwa moja kwenye mbegu. Ada ya chuo si jambo la kiroho pungufu. Ni haki, na haki haiahirishwi kwa kutaja mifano ya Injili.

Kutazama bila kufukua

Mtoto akipanda hindi, siku ya tatu hulifukua aone kama limeota. Tunacheka, lakini kujichunguza kwetu kwingi ni kufukua. Kila usiku tunaichokonoa roho: nimekua? nimekua? Utafiti wa dhamiri aliotuachia Inyasi hauanzi na swali hilo. Unaanza na shukrani, kisha unapita katika saa za siku hiyo, unaomba msamaha, unatazamia kesho. Ni wa siku moja. Kukua hakupimwi kwa siku moja.

Ninachowashauri mafrateri sasa ni daftari dogo na nusu saa, mara moja kwa mwezi, Jumamosi ya mwisho. Andika matukio, usiandike hisia. Usiandike “najisikia mkavu”. Hilo la kesho litakuwa tofauti. Andika kwamba tarehe fulani ulimjibu vibaya mwenzako jikoni na ulichukua siku tatu kumwomba radhi. Andika kwamba ulikosa Masifu mara nne. Ukifika mwezi wa sita, soma ya mwezi wa kwanza. Huenda utakuta bado unawajibu watu vibaya jikoni, ila sasa unaomba radhi kabla ya chakula cha usiku. Kosa ni lilelile. Siku tatu zimekuwa saa tatu. Hapo kuna jani.

Na muulize mtu unayeishi naye. Mmea hauoni urefu wake, na sisi hatuoni badiliko la uso tunaouangalia kwenye kioo kila siku. Ni shangazi anayetuona mara moja kwa mwaka anayeshangaa. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorinto kwamba yeye alipanda na Apolo akamwagilia, lakini mwenye kukuza ni Mungu (1Kor 3:6-7). Tunaisoma aya hiyo kama somo la unyenyekevu kwa wahubiri. Mimi nimeanza kuisoma pia kama habari ya ahueni kwa wanaoanza: kukuza si zamu yangu.

Nilirudi kwa frateri wangu baada ya wiki moja, nikamwomba radhi kwa jibu langu la haraka. Tulikaa chini ya mwembe karibu na mazizi, tukayapitia haya, alama kwa alama. Alikubali kutoamua kitu hadi mwisho wa mwaka wa masomo. Ule wingu wa Machi uliondoka kabla ya Pentekoste. Akaanza kucheka tena, hata kusinzia kukapungua. Na mwezi wa sita, akiwa na amani kamili, alikwenda kwa Baba Gombera akaomba ruhusa ya kurudi kufundisha hadi mdogo wake amalize chuo. Alipewa. Wenzake wengine walimhesabu kuwa ameshindwa, na sikupenda maneno yao mezani siku ile.

Mwezi uliopita nimepata barua yake. Mdogo wake amehitimu, naye anaomba kurejea mwaka mpya wa masomo utakapoanza. Katikati ya barua kuna aya moja aliyoiandika kama habari ya kupita tu. Anasema siku moja, kidato cha tatu, mwanafunzi alimtukana mbele ya darasa zima, tusi la mama. Akamwambia kijana aketi, akaendelea na somo la mkondo wa umeme, kipindi kikaisha. Alikuwa anafuta ubao, darasa limekwisha kutoka, ndipo alipokumbuka kwamba hakukasirika.